Ndege wa Chuma wa Nasuri

Picha ilinifikia nikiwa nakata gauni la mteja. Simu ililia mahali fulani chini ya vitambaa, na nilipoipata nikaona ni Ibrahimu, mtoto wa kaka yangu anayeishi Marseille, ambaye hunitumia kila anachokiona: theluji, paka wa jirani, sahani ya chakula kabla hajaila. Safari hii alituma bastola. Ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa cha buluu, bastola ya gumegume, ya zile za kale zilizolipuka kwa cheche za jiwe, yenye pete za fedha kwenye mtutu na ufa mwembamba kwenye kitako cha mti. "Shangazi," aliandika, "hii si ile iliyo kwenye picha ya harusi ya babu?" Niliweka mkasi chini. Nikaikuza picha kwa vidole viwili, kama wajukuu wa jirani walivyonifundisha, nikapita kwenye kitako, nikapita kwenye pete, mpaka nikafika pale ubavuni panapokaa kipande kinachobana jiwe. Kipande kile kilikuwa na umbo la kichwa cha ndege, na ndege alikuwa na jicho. Tundu dogo tu, lililotobolewa mahali ambapo halina kazi yoyote. Mwenye gauni alipokuja alasiri aliikuta nguo yake iko vilevile mezani. Nikamwambia naumwa, na sikumdanganya.

Chini ya picha palikuwa na maelezo ya muuzaji wa vitu vya kale. Ibrahimu alinitafsiria, ingawa Kifaransa nakijua. Vipande viwili si vya asili, yalisema: kamani iliyo ndani na kishikio cha jiwe. Vimewekwa baadaye, ni kazi ya kienyeji isiyo na ustadi, na aliyevitengeneza hajulikani. Nimeishi Unguja zaidi ya nusu ya umri wangu. Nimezika watu, nimedhulumiwa, nimezoea. Sikujua kwamba maneno machache namna ile bado yanaweza kunikasirisha. Hajulikani! Mimi namjua. Najua alivyokuwa akila, najua alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema jambo zito, najua ni ukucha upi uliokuwa mweusi kwa kupigwa na nyundo. Kwa hiyo nitauandika mwaka ule, na nitauandika kwa Kiswahili nilichokipata huku, kwa sababu kwa lugha ya kwetu siwezi. Kila nikijaribu nasikia sauti zao.

Ulikuwa mwaka uliofuata kuja kwa mamluki, wazungu wale walioshuka Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu, na bunduki zao, wakamwangusha rais, kisha wasiondoke. Walibaki, wakaoa, wakajenga kambi, wakawa serikali nyuma ya serikali. Sisi Mutsamudu tulikuwa ng'ambo, kisiwa kingine, na tulijidanganya kwamba bahari ni ukuta. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tuliishi ndani ya mji wa mawe, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu, katika nyumba ya mama yangu. Maana kwetu nyumba ni ya mwanamke, na mwanamume ndiye anayehamia. Lakini baba alikuwa ameshafariki, na mwenye kauli alikuwa Mjomba Hamidi, kaka yake mama. Alikuja kila siku baada ya sala ya adhuhuri, akaketi kwenye sebule ya chini iliyokuwa na kabati la vioo, saa ya ukutani isiyokwenda na, juu ya saa ile, kwenye misumari miwili, bastola. Nayo ilikuwa haifanyi kazi. Ilivunjika kwenye harusi ya mwisho iliyofanyika pale, kabla sijazaliwa, na tangu siku hiyo ikawa inapanguswa vumbi tu. Mimi ndiye niliyeipangusa, na sikuwahi kuiogopa zaidi ya nilivyoiogopa ile saa.

Nasuri alikuja kutengeneza cherehani yangu. Alikuwa mmoja wa wale waliorudishwa kutoka Majunga baada ya mauaji, watu wetu waliozaliwa Madagaska wakafukuzwa kama mbwa, wakaletwa kwenye visiwa ambavyo wengi wao hawakuwa wamewahi kuviona. Walishushwa Moroni, na yeye akaja kwetu kwa sababu alisikia bandarini Mutsamudu kuna kazi. Alipata nafasi chini ya ngazi ya nyumba moja karibu na bandari, akawa anatengeneza cherehani, majiko ya mafuta, saa, miavuli, chochote. Watu wa mji walimpa kazi lakini hawakumpa kiti. Alizungumza kama mgeni, alicheka mahali ambapo sisi hatucheki, na hakujua amsalimu nani kwanza akiingia barazani. Siku ile aliifungua cherehani yangu kwenye ua, mama ameketi pembeni anachambua mchele na kutuchunga, akanionyesha sindano ilivyokuwa ikigonga pembeni kidogo ya mahali pake. "Umekuwa ukiipiga vita mashine hii," aliniambia, "nayo imekuwa ikikuvumilia." Nikamjibu kwamba kama yeye ni hodari sana wa kuvumilia, basi angojee chai. Akangojea. Baada ya hapo cherehani yangu ikaanza kuharibika mara kwa mara, na mama, ambaye hakuwa mjinga, akawa anachambua mchele mwingi kuliko tuliokuwa tukiupika.

Alipokuja kuposa alimleta mzee mmoja wa msikitini amsemee, kwa kuwa hakuwa na ukoo wa kumsemea. Mimi nilikuwa chumba cha juu, ambako kuna kidirisha cha mbao kinachotazama sebuleni. Wanawake wa nyumba ile wamejua habari zao zote kupitia kidirisha hicho. Mjomba aliwapa chai na ladu, akawauliza habari za afya, akasifu mvua. Kisha akasema kwa sauti yake ya barazani, "Sisi hatumkatai mtu. Ila nyumba hii ina desturi yake. Hakuna bwana harusi aliyevuka mlango huu kabla ya ile bastola kulia. Na bastola, kama mnavyoiona, ni bubu." Mzee wa msikitini akainamisha kichwa. Kila mtu mle ndani alielewa. Ile ilikuwa njia yetu ya kukataa bila kumwaibisha mtu: unaweka sharti lisilowezekana, na mposaji anashukuru na kuondoka na heshima yake. Nilikuwa tayari nimeanza kulia nilipomsikia Nasuri akikohoa. "Naweza kuishusha niitazame?" aliuliza. Maskini, hakuelewa. Yeye alidhani amepewa kazi.

Nimecheka peke yangu kwa jambo hilo, hata katika miaka ambayo sikuwa na kingine cha kuchekea. Mjomba hakuweza kurudi nyuma, kwa sababu kauli ilikuwa imeshatoka mdomoni mwake mbele ya shahidi. Alichoweza kufanya ni kukataza bastola isitoke nje ya nyumba, akidhani hilo litamkatisha tamaa. Kwa hiyo Nasuri akaja na jiliwa yake, kile chombo cha kubania chuma, akaifunga kwenye kibao cha jikoni kwetu, na kwa miezi ile ya kiangazi jiko letu likawa nusu la chakula na nusu la chuma. Aliifungua bastola juu ya sinia la kupepetea mchele. Kamani, ile springi nene iliyokunjwa ambayo nguvu yake ndiyo hurusha jiwe, ilikuwa imekatika vipande viwili. Kishikio cha jiwe kilikuwa kimevunjika shingoni. Skrubu iliyoubana mdomo wake ilikuwa imelika meno. Vingine vyote vilikuwa vizima. "Haina ugonjwa mkubwa," alisema. "Imevunjika moyo na shingo tu." Mama akasema mtu mwenye ugonjwa huo yeye angeshamsomea yasini.

Chuma alikipata kwenye lori bovu lililokuwa limetupwa kando ya barabara ya Ouani, lililokuwa likibeba maua ya langilangi kupeleka kwenye mitambo ya manukato. Alikata kipande cha springi yake, akakichoma kwenye makaa yetu, akakigonga, akakipiga tupa asubuhi hadi adhuhuri. Kikishapata umbo alikirudisha motoni mpaka kiwe chekundu kama pilipili, kisha akakitumbukiza kwenye bakuli la mafuta ya nazi, yale yale ya kupikia. Moshi uliopanda ulinuka kama mikate ya futa, ile ya kwetu ya kukaanga, iliyoungua. Kamani ya kwanza ilikatika alipoijaribu kwenye jiliwa, ikaruka ikapiga sufuria ya mama. Iliyofuata ilipinda na kubaki imepinda, imenyong'onyea. "Ikiwa ngumu mno inakatika, ikiwa laini mno inasahau," aliniambia, na akaanza tena. Tulikula mataba na wali pale pale, kisamvu kilichopikwa kwa tui zito, na chakula chote mwaka ule kwangu kina harufu ya chuma na mafuta. Alikuwa na tabia moja mezani: hata awe na njaa vipi, aliacha pembe ya wali kwenye sahani, na chini ya wali ule alificha kipande cha samaki kilicho kizuri kuliko vyote. Kwao Majunga, alisema, mama yake aliwafundisha kwamba mpishi hula mwisho, na anayekwangua sahani amemla mpishi. Nilikuwa nikiichukua sahani yake ukumbini na kula samaki wangu nyuma ya mlango, na sijawahi kula samaki mtamu namna ile tena.

Siku moja nilimuuliza kama haogopi. Mjini watu walishaanza kusema kwamba wazungu hawataki silaha majumbani, kwamba Moroni wameingia nyumba kwa nyumba hata mikuki ya ukutani wakaichukua. Nasuri alikohoa, akaweka tupa chini. "Majunga niliona kazi ya silaha," alisema. "Niliona shoka ambalo nililinoa mimi mwenyewe kwa mikono hii. Mwenye nalo alikuwa mteja wangu." Mama aliacha kukuna nazi. "Mimi hapa natengeneza mlio," akasema. "Mlio wa harusi yangu. Silaha sitengenezi tena, mtu aniletee au asiniletee." Kisha, kana kwamba ameona aibu kwa kutuharibia mchana, akachukua kishikio kipya cha jiwe, ambacho kilikuwa kimeshatoka na shingo iliyopinda na mdomo kama wa ndege, akakitoboa tundu upande wa kichwa. Nikamuuliza tundu lile ni la nini. "Ndege asiye na jicho atajuaje agonge wapi?" alisema. Vile vipande vya zamani vilivyovunjika, kamani iliyokatika, kishikio kisicho na shingo na skrubu iliyolika, ambayo mahali pake alitia ya saa mbovu, alivifunga kwenye kitambaa akaviweka ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. "Vitunze," aliniambia. "Ni vya wazee wako, mimi sina haki ya kuvitupa."

Bastola ililia mchana wa Alhamisi, baruti tupu bila risasi, mbele ya mlango wetu, na kichochoro kizima kikajaa moshi na vigelegele. Wanawake walikuwa na shiromani zao nyekundu za kujitanda, na usoni msindano, ule msandali uliosagwa. Nasuri alivaa joho la kuazima, lililomzidi mabega. Sasa kwetu neno fundi si la kila mtu mwenye nyundo. Fundi ni yule anayesomesha Kurani, na Mjomba Hamidi alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Kwa miezi yote ile alimwita Nasuri "huyu wa Majunga." Lakini moshi ulipomfikia usoni alianza kulia, mtu mzima yule, akamshika mkono bwana harusi akamwingiza ndani mwenyewe. "Karibu nyumbani kwako, fundi," alisema, na watu wote walisikia. Mimi juu kidirishani nilidhani moyo wangu utapasuka kwa raha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na furaha kamili, na furaha ile sasa inanichoma kuliko huzuni yoyote.

Bwana harusi kwetu akishaingia nyumba ya mke hatoki mpaka siku zake za ndani ziishe. Wiki nzima analishwa, anatembelewa, ananenepeshwa, na jua halimwoni. Tulikuwa katikati ya wiki hiyo, chumba cha juu, tunakula pilau na kuku na kucheka kimya kimya, tuliposikia gari likisimama nje ya mji wa mawe na viatu vizito vikija kichochoroni. Alikuwa afisa mmoja wa mamluki, aliyefika kwa ndege kupitia uwanja wa Ouani, na askari wetu wawili nyuma yake. Alikuwa mpole. Hilo ndilo sitalisahau. Alivua kofia, akamsalimu mjomba kwa adabu, akasema amesikia bunduki imelia na anaomba kuelezwa tu. Mjomba alijua Kifaransa cha ofisini, kizuri, cha zamani, na tulimsikia kupitia kidirisha akieleza desturi ya nyumba. Mama akateremsha sharubati na visheti. Afisa akala, akasifu. Akaomba kuiona bastola, na alipoishika akaigeuza kwa upole kama mtu anayejua vitu vya thamani. Alisema kwao ana kadhaa, kwamba anazipenda kuliko binadamu. Akavuta kishikio nyuma, akabonyeza, na cheche zikaruka. "Lakini hii imetengenezwa," alisema. "Nani ameitengeneza?"

Nimefikiri sana kuhusu jibu la mjomba. Angeweza kusema lolote. Lakini mgeni alikuwa ameshakula visheti vyake, na kwetu mgeni aliyekula hawezi kukudhuru kabla hajanawa mikono. Na zaidi ya hapo alikuwa ameulizwa kuhusu mkwe wake, na nafasi ya kumsifu mkwe mbele ya mkubwa haipiti hivi hivi. "Mume wa mpwa wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa. "Fundi wetu. Kamani ameitoa kwenye springi ya lori, kwa moto wa jikoni. Hakuna mwingine visiwa vyote hivi." Nasuri kando yangu aliacha kutafuna. "Kwa hiyo anaweza kutengeneza vipande vya bunduki," alisema afisa taratibu. "Nasi kambini tuna bunduki nyingi na hatuna mtu. Yuko wapi?" Na mjomba, ambaye sasa alikuwa amesikia kitu kwenye sauti ile, akakimbilia kinga pekee aliyoijua. "Hawezi kutoka," alisema. "Yuko juu, ndani ya siku zake. Bwana harusi hatoki kabla ya siku zake kwisha." Alidhani amefunga mlango. Afisa alicheka kidogo, bila ubaya, akawaonyesha askari ngazi.

Walipompitisha sebuleni alikuwa amevaa kikoi cha bwana harusi, na miguu yake ilikuwa na hina. Mjomba alisimama mbele ya mlango wa barabarani akirudia, "Siku zake, bwana, siku zake hazijaisha," kana kwamba tatizo ni hilo tu. Afisa aliiweka bastola chini ya kwapa. "Naviazima vyote viwili," alisema. Nasuri aligeuka akatazama juu kidirishani. Alikohoa, na nilijua kuna neno linakuja, lakini wakamsukuma nje kwenye jua.

Nilimfuata Moroni kwa meli ya abiria kutoka bandarini, nimetapika njia nzima. Nilifikia Badjanani, mtaa wa kale wa mji ule, kwa kikongwe mmoja mjane, jamaa wa mbali wa mama, ambaye nilimwita Koko Hadija, kwa kuwa koko ndiyo bibi kwetu. Chumba alichonipa kilikuwa ghorofani, dari lake linavuja chumvi, na asubuhi nilisikia wanaume barazani chini wakizungumza kwa Kingazija, lugha ya kisiwa kile, ambacho nilikielewa kama mtu anayesikiliza kupitia blanketi. Waliongea kuhusu bei ya mchele na ndoa za watu. Kuhusu kambi hawakuongea kabisa, na likitajwa jina la mtu aliyechukuliwa, walikohoa na kusema "Mungu mkubwa," kisha mchele tena. Kila siku nilipika. Nilitia wali na samaki kwenye bakuli la bati lenye kifuniko, nikalifunga kwa kitambaa, nikapanda gari liendalo njia ya Ntsoudjini, nikashuka penye lango la kambi ya mamluki. Zamu ya mchana ilikuwa ya askari mmoja, mtu mzima mwenye ndevu chache, mwenyeji wa Ntsoudjini hapo hapo. Nilimwambia "Kwezi," salamu tunayowapa wakubwa, naye akaitika "Mbona," akapokea bakuli. Kesho yake alinirudishia tupu. "Amekula," alisema. "Anashukuru. Anasema upunguze pilipili."

Nikapunguza pilipili. Koko Hadija alishangilia kila bakuli lililorudi tupu, akasema mtu anayekula ni mtu aliye hai, akawa anachagua samaki mwenyewe sokoni. Mimi nililifungua bakuli kila siku kabla ya kufika nyumbani, nikalitazama. Lilikuwa limekwanguliwa mpaka bati lang'aa. Hapakuwa na pembe ya wali. Hapakuwa na kipande kilichofichwa. Nilijiambia kwamba gerezani mtu ana njaa, kwamba tabia nzuri ndizo za kwanza kuisha. Nilijiambia mengi. Kumbe tangu bakuli la kwanza nilikuwa najua, na yale mapishi yote, nazi zote zile nilizokuna mpaka vidole vikachubuka, yalikuwa ya kujizuia nisijue.

Mwishowe sikuweza tena. Nilikuwa nimekuja na ule mkebe wa maziwa, sijui kwa nini, labda kwa sababu ni yeye aliyenikabidhi. Nikachukua ile skrubu iliyolika, nikaitia katikati ya wali, chini ya samaki. Nasuri angeijua kwa kuigusa tu. Angenirudishia kitu, hata uzi, hata kokoto. Kesho yake nilipofika langoni yule askari hakuitika salamu yangu. Shavu lake moja lilikuwa limevimba. "Wewe mwanamke una wazimu?" alifoka. "Unataka kunivunja meno? Chuma kwenye chakula!" Akanitupia ile skrubu miguuni. Kisha tukatazamana. Niliona uso wake ukibadilika alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Magari yalipita barabarani. Mimi sikupiga kelele wala sikulia; nilikuwa nangoja tu aseme kitu kingine, chochote, na nilikuwa tayari kukiamini.

"Dada," alisema, na mpaka siku ile hakuwahi kuniita dada. "Usilete tena."

"Yuko wapi?"

Alitazama nyuma yake. "Walimwekea meza na vyombo. Kila kitu kizuri, kutoka Ulaya. Hakushika hata tupa. Wakamwuliza, akasema yeye ametengeneza mlio tu. Kila wakimwuliza, hivyo hivyo. Mwisho wakamtia garini, na gari likarudi bila yeye."

"Lini?"

"Kabla hujaja hapa mara ya kwanza." Akajishika shavu. "Watoto wangu wana njaa, dada. Ulipika vizuri."

Niliokota skrubu nikaondoka. Sikumchukia yule mtu wakati ule, na sasa simchukii. Nilimchukia Mjomba Hamidi. Niliporudi Mutsamudu nilimkuta kwenye sebule ile ile, chini ya misumari miwili mitupu, na alipotaka kunyanyuka nilipita nikapanda juu. Hakuwahi kulitaja jina la Nasuri tena. Aliacha kusalimia wageni kwa Kifaransa, na vikiletwa visheti alivisukuma mbele kwa watu wengine. Mamluki nao, baada ya miaka mingi, wakaondoka kama walivyokuja, na watu wakacheza ngoma barabarani. Niliuliza kila mlango uliofunguka, na kila mlango ulinipeleka kwa mwingine. Hakuna kaburi. Mjomba alipokuwa anakufa alituma watu waniite, nami nilikuwa nimeshahamia Unguja na cherehani yangu. Sikwenda. Watu husema muda unaponya, na mimi najua kuwa si kweli. Nimekaa nao muda huo, sote wawili tumezeeka, na haujaponya kitu.

Jana Ibrahimu alinipigia, sauti imejaa furaha. Amezungumza na muuzaji. Kuna mtu anayeitaka bastola, mkusanyaji wa vitu vya kale, ila anataka iwe kamili. "Shangazi, mama aliwahi kuniambia una mkebe wenye vipande vya asili. Huyo bwana ana mafundi wake, hata vikiwa vimevunjika wataviunga. Watatoa ile takataka iliyowekwa baadaye, watarudisha vya kweli. Jina la ukoo wetu litaandikwa. Itakuwa nzima tena, kama enzi za wazee." Ni kijana mzuri. Alizaliwa baada ya yote, na hakuna aliyemweleza ni nani aliyeiweka ile takataka. Nilimwuliza wakivitoa vile vya baadaye watavipeleka wapi. Akacheka. "Watavitupa, shangazi. Vya nini?"

Cherehani alizozitengeneza Nasuri zimeshaliwa na kutu. Joho la harusi tulilirudisha kwa mwenyewe. Picha yake hatukuwahi kupiga, maana mpiga picha alikuwa aje siku za ndani zikiisha. Duniani kote vimebaki vipande viwili vya chuma alivyovitengeneza kwa mikono yake, kamani isiyoonekana na ndege mwenye jicho, na bado vinafanya kazi.

"Vilipotea," nilimwambia. "Siku nyingi. Baharini, nilipokuwa nahama."

Akaguna kwa masikitiko, akaniuliza kama nina hakika kabisa, kama nimetafuta vizuri. Nikamwambia nina hakika, na mkebe ulikuwa mapajani mwangu.